Uingizaji hewa katika wodi za hospitali

Uingizaji hewa katika wodi za hospitali ni namna hewa safi ya nje inavyoingia katika vyumba vya wagonjwa na hewa iliyokwisha kupumuliwa inavyotoka. Ni sehemu muhimu ya kinga dhidi ya magonjwa yanayoenea kwa njia ya hewa, hasa kifua kikuu, surua, tetekuwanga na UVIKO-19. Mtu aliyelazwa kwa kuvunjika mguu anaweza kutoka hospitalini na ugonjwa wa mapafu ambao hakuingia nao, na mara nyingi kilichoamua jambo hilo ni madirisha, milango na idadi ya vitanda.

Wanaoathirika zaidi si wagonjwa peke yao. Mgonjwa hukaa wodini siku chache, lakini muuguzi hufanya kazi katika chumba kilekile kwa miaka.

Jinsi vijidudu vinavyosafiri hewani

Mtu anapopumua, kuongea, kukohoa au kupiga chafya hutoa matone ya majimaji ya ukubwa mbalimbali. Yale makubwa, yenye kipenyo cha mikromita 100 hivi (karibu unene wa unywele), huanguka chini kwa sekunde chache. Tone la mikromita 5 likiachiwa kutoka kimo cha mita 1.5 katika hewa iliyotulia huchukua takriban nusu saa kufika sakafuni, na lile la mikromita 1 huchukua saa 12 hivi. Hewa ya wodini nayo haitulii kamwe: watu hupita, milango hufunguliwa, na joto la miili hupandisha hewa juu. Kwa sababu hiyo chembe ndogo, ambazo huitwa erosoli, huelea na kusambaa chumba kizima.

Mfano unaofaa ni moshi wa sigara. Aliyekaa karibu na mvutaji hupata moshi mwingi zaidi, lakini hata aliyekaa kona ya mbali huunusa baada ya muda, na harufu hubaki chumbani baada ya mvutaji kuondoka. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka.

Bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium tuberculosis, huhitaji kufika ndani kabisa ya mapafu, kwenye vifuko vidogo vya hewa, ndipo waanzishe maambukizi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Ni zile ndogo tu zinazofika huko. Hii ndiyo sababu kifua kikuu hakienei kwa kutumia kikombe, sahani au shuka za mgonjwa. Katika nyumba nyingi mgonjwa hutengewa vyombo vyake huku akilala na wengine katika chumba kilichofungwa madirisha. Desturi hiyo humwongezea aibu bila kumkinga yeyote.

Historia

Florence Nightingale, muuguzi kutoka Uingereza, alifika mwaka 1854 katika hospitali ya kijeshi ya Scutari (leo ni Üsküdar, sehemu ya Istanbul) wakati wa Vita ya Krimea. Alikuta askari wengi wakifa kwa magonjwa ya kuambukiza kuliko kwa majeraha. Katika vitabu vyake vya mwaka 1859 kuhusu uuguzi na hospitali aliweka hewa safi mbele ya mambo yote. Wodi iliyopewa jina lake ni ndefu na nyembamba, ina dari ya juu, madirisha marefu pande zote mbili na vitanda 30 hivi vilivyopangwa kandokando ya kuta. Hospitali ya St Thomas' ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871, ilijengwa kwa mtindo huo.

Nightingale aliamini, kama wengi wa wakati wake, kwamba magonjwa huletwa na hewa chafu yenyewe. Kuhusu chanzo alikosea. Kuhusu dirisha alikuwa sahihi.

Robert Koch alitangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882. Ajabu ni kwamba elimu ya vijidudu, badala ya kuimarisha hoja ya hewa, iliidhoofisha kwa muda mrefu. Mwaka 1910 Mmarekani Charles Chapin aliandika kwamba magonjwa mengi huenea kwa kugusana na kwa matone ya karibu, na kwamba maambukizi ya hewani hayana uzito mkubwa. Alitaka watu waache hofu ya zamani ya "hewa mbaya" na wanawe mikono. Mafundisho hayo yalisaidia sana kupunguza magonjwa mengine, lakini yalitawala vyuo vya udaktari kwa miongo mingi hata pale yasipofaa.

Katika miaka ya 1930 mhandisi William Wells wa Marekani alionyesha kwamba matone mengi hukauka kabla ya kufika chini na kubakiza kiini chepesi kinachoelea. Mwanafunzi wake, daktari Richard Riley, alishirikiana naye kutafuta ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya askari wastaafu mjini Baltimore, hewa yote iliyotoka katika wodi ndogo ya wagonjwa wa kifua kikuu ilipitishwa kwenye mabomba hadi chumba kilichokuwa juu ya paa, mlimowekwa simbilisi. Wanyama hao hawakukutana na mgonjwa hata mmoja. Walipumua tu hewa yake. Simbilisi waliambukizwa mmoja baada ya mwingine. Kundi jingine lilipewa hewa ileile baada ya kupitishwa kwenye mionzi ya urujuanimno, na hao hawakuambukizwa. Jaribio hilo lilionyesha pia kwamba wagonjwa hawalingani: wachache ndio walioambukiza simbilisi wengi, na waliokuwa wameanza dawa zinazofaa waliambukiza kidogo sana.

Matokeo hayo yalichapishwa wakati dawa za kifua kikuu zilipokuwa zimepatikana na hospitali maalumu za ugonjwa huo zikianza kufungwa katika nchi tajiri. Majengo mapya yalipewa dari za chini, korido za ndani na madirisha yasiyofunguka, kwa kuwa mashine ndizo zilizotarajiwa kuleta hewa.

Visa vilivyobadilisha mtazamo

Mwaka 1970 mgonjwa wa ndui alilazwa katika hospitali ya mji wa Meschede, Ujerumani. Alitengwa chumbani mwake, lakini watu waliokuwa ghorofa za juu waliugua ingawa hawakumwona. Wachunguzi walipowasha moshi wa majaribio katika chumba chake waliuona ukipanda kwenye ngazi na mwingine ukitoka dirishani na kuingia madirisha ya juu.

Mwezi Machi 2003 mgonjwa wa SARS alilazwa katika wodi ya kawaida ya Hospitali ya Prince of Wales, Hong Kong, kabla ugonjwa huo haujatambuliwa. Alipewa dawa kwa mashine ya kuvuta mvuke. Zaidi ya watu 100 waliambukizwa, wakiwemo wauguzi, madaktari, wanafunzi wa udaktari na wageni. Uchunguzi wa baadaye uliona kwamba mpangilio wa vitanda vya walioambukizwa uliendana na jinsi hewa ilivyosambaa wodini.

Kisa cha kusikitisha zaidi ni cha Tugela Ferry, mji mdogo wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba wagonjwa 53 wa hospitali ya wilaya hiyo walikuwa na kifua kikuu sugu kupita kiasi, yaani kisichosikia dawa karibu zote zilizokuwepo. Kati yao 52 walifariki, nusu yao ndani ya siku 16 tangu makohozi yao yalipochukuliwa. Wote waliopimwa VVU walikuwa navyo. Zaidi ya nusu hawakuwahi kutibiwa kifua kikuu kabla ya hapo, maana yake bakteria hao sugu hawakukomaa ndani ya miili yao kwa kukatiza dawa. Waliwapata kutoka kwa mtu mwingine. Wengi walikuwa wamewahi kulazwa hospitalini muda mfupi kabla. Walikwenda kutafuta tiba ya ugonjwa mmoja wakapewa mwingine na hewa ya wodi.

Vipimo

Kipimo kinachotumika zaidi ni idadi ya mara ambazo hewa ya chumba hubadilishwa kwa saa. Hewa ikibadilishwa mara 6 kwa saa, kiasi cha hewa kinachoingia ndani ya saa moja ni mara sita ya ujazo wa chumba. Hiyo haimaanishi kwamba kila badiliko huondoa vijidudu vyote, kwa sababu hewa mpya huchanganyika na ya zamani: badiliko moja huondoa takriban asilimia 63 tu ya vilivyokuwemo. Kwa mabadiliko 6 kwa saa huchukua dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya chembe baada ya mgonjwa kutoka. Kwa mabadiliko 12 huchukua dakika 23. Kwa mabadiliko 2 ni zaidi ya saa mbili. Miongozo ya Marekani hudai angalau mabadiliko 12 katika vyumba vipya vya kutengea wagonjwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu hewa ya asili, hutumia kipimo kingine: lita za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Kwa wodi za kawaida ni lita 60, na kwa vyumba vya wagonjwa wa magonjwa ya hewani ni wastani wa lita 160. Kipimo hiki kina faida moja kubwa, nacho ni kwamba kinahesabu watu, si kuta.

Kwa chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana, mwongozo huohuo hutoa kanuni rahisi: mita za ujazo za hewa kwa sekunde ni 0.65 mara kasi ya upepo (mita kwa sekunde) mara eneo la uwazi ulio mdogo kati ya pande hizo mbili (mita za mraba). Chukua wodi yenye urefu wa mita 20, upana wa mita 8 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 480. Upande wenye uwazi mdogo una mita za mraba 4, na nje kuna upepo mwanana wa mita 0.5 kwa sekunde. Hewa inayopita ni 0.65 × 0.5 × 4, sawa na mita za ujazo 1.3, au lita 1,300 kwa sekunde. Kwa saa ni mita za ujazo 4,680, karibu mabadiliko 10. Wakiwa wagonjwa 20, kila mmoja ana lita 65, na wodi inapita kipimo cha WHO.

Sasa wagonjwa wawe 40, wakilala mzungu wa nne wawili kitanda kimoja, jambo ambalo si geni katika hospitali nyingi za umma. Mabadiliko ya hewa bado ni 10, lakini sehemu ya kila mmoja imeshuka hadi lita 32. Na usiku, madirisha yakifungwa hadi uwazi ubaki mita 0.4 za mraba, hewa hubadilika mara moja tu kwa saa, na kila mmoja wa wagonjwa 40 hubaki na lita 3 hivi.

Pasipo vyombo vya kupima upepo hutumika kipimo cha hewa ukaa (dioksidi ya kaboni). Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za gesi hiyo katika milioni, na pumzi inayotoka ina takriban 40,000. Kiwango kikipanda ndani ya chumba, maana yake watu wanavuta tena pumzi za wenzao. Kifaa hiki hakipimi vijidudu. Chumba kinaweza kuwa na hewa ukaa nyingi bila mgonjwa yeyote, au kikawa na hewa iliyochujwa vizuri huku hewa ukaa ikibaki juu.

Hatari ya mtu kuambukizwa huongezeka kwa idadi ya wagonjwa waliomo, wingi wa vijidudu wanavyotoa na muda anaokaa. Hupungua kadiri hewa safi inavyoongezeka. Uhusiano huo huandikwa kwa kanuni ya Wells na Riley, iliyotumika mwaka 1978 kueleza mlipuko wa surua katika shule moja ya jimbo la New York. Kutoka badiliko 1 hadi 6 kwa saa manufaa ni makubwa mno. Kutoka 12 hadi 24 manufaa yapo lakini ni madogo, na gharama ni kubwa.

Hewa ya asili na hewa ya mashine

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa Lima, mji mkuu wa Peru, katika vyumba 70 vya hospitali 8 vinavyotegemea hewa ya asili. Madirisha na milango vilipofunguliwa vyote, hewa ilibadilika kwa kawaida mara 28 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya vyumba vya mashine vilivyokusudiwa kutoa mabadiliko 12. Vilipofungwa, ilikuwa mara 1.5 tu. Majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalipata mabadiliko 40, na yale ya kisasa 17. Kwa hesabu ya watafiti, mtu anayekaa saa 24 pamoja na wagonjwa wa kifua kikuu wasiotibiwa angekuwa na hatari ya asilimia 39 katika vyumba vya mashine, 33 katika majengo ya kisasa na 11 katika yale ya zamani.

Matokeo hayo hayasemi kwamba mashine hazifai. Hewa ya asili hutegemea upepo, na upepo hauna mkataba na hospitali. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki huvuma kaskazi miezi kadhaa na kusi miezi mingine, na wodi iliyoelekezwa kwenye mmoja inaweza kukosa mwingine. Upepo unaweza pia kuvuma kutoka chumba cha wagonjwa kwenda koridoni, kama ilivyokuwa Meschede. Chumba cha shinikizo hasi hutatua tatizo hili: feni hutoa hewa nyingi kuliko inayoingizwa, kwa hiyo hewa huvutwa kutoka koridoni kwenda chumbani na kutolewa nje mbali na watu. Kinahitaji umeme usiokatika, vichujio vinavyobadilishwa na mlango unaofungwa. Feni ikiharibika, chumba hicho hugeuka kuwa sanduku.

Kinyume chake ni chumba cha shinikizo chanya, ambamo hewa iliyochujwa husukumwa ndani. Hutumika kwa wagonjwa wenye kinga dhaifu sana na katika vyumba vya upasuaji. Si mahali pa kumlaza mgonjwa wa kifua kikuu.

Makosa ya kawaida

Feni ya dari, au pangaboi, haileti hewa mpya. Ikifanya kazi madirisha yakiwa wazi husaidia kuchanganya na kusukuma hewa. Yakiwa yamefungwa husambaza tu iliyomo. Kiyoyozi cha ukutani cha aina iliyozoeleka ni vilevile: huvuta hewa ya chumba, huipoza na kuirudisha chumbani. Hatari yake ni kubwa kuliko ya feni, kwa sababu ili baridi isipotee watu hufunga kila tundu. Chumba baridi chenye harufu nzuri kinaweza kuwa na hewa mbaya kuliko banda la wazi lenye joto.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, yanayopendwa katika majengo mapya, hufunguka nusu tu ya eneo lake. Anayepima dirisha zima kwa ajili ya kanuni iliyotajwa juu atajidanganya maradufu.

Madirisha hufungwa usiku kwa sababu zenye maana: baridi ya nyanda za juu, mvua, wezi na mbu. Malaria nayo huua, na muuguzi anayefunga dirisha jioni hafanyi hivyo kwa ujinga. Wavu wa dirishani huzuia mbu lakini hupunguza upepo pia, kwa hiyo uwazi wenye wavu hauna budi kuwa mkubwa zaidi. Chandarua cha kila kitanda huruhusu dirisha kubaki wazi. Matundu ya kudumu karibu na dari, yasiyoweza kufungwa na mtu, hutoa hewa moto inayopanda hata usiku usio na upepo. Blanketi la ziada ni nafuu kuliko matibabu ya kifua kikuu sugu.

Mbinu za kuongezea

Taa za urujuanimno huwekwa juu ya ukuta, zikielekezwa kwenye hewa iliyo chini ya dari ili zisiwadhuru watu macho na ngozi. Hewa inayopanda huua vijidudu wake hapo na kurudi chini. Katika jaribio la Lima lililochapishwa mwaka 2009, simbilisi waliopumua hewa ya wodi bila taa waliambukizwa kwa asilimia 35, na wale waliopumua hewa ya siku ambazo taa ziliwashwa kwa asilimia 9.5. Barakoa za kawaida nazo zina nafasi yake, zikivaliwa na mgonjwa mwenyewe: nchini Afrika Kusini, simbilisi 69 kati ya 90 waliambukizwa wagonjwa wasipovaa barakoa, na 36 kati ya 90 walipovaa.

Vichujio vya hewa vinavyohamishika vilipata umaarufu wakati wa UVIKO-19. Mwanzoni, mwezi Machi 2020, WHO ilisema kwamba ugonjwa huo hauenei kwa hewa. Mwezi Julai mwaka huo wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi kupinga, na shirika hilo likabadilisha maelezo yake hatua kwa hatua. Katika hospitali ya Addenbrooke's mjini Cambridge, virusi vilipatikana katika hewa ya wodi ya wagonjwa vichujio vilipozimwa, na havikupatikana vilipowashwa.

Afrika Mashariki

Hospitali nyingi za zamani za serikali na za misioni katika eneo hili zina baraza pana, dari za juu na madirisha pande mbili. Mara nyingi ukarabati ndio huziharibu: wodi hugawanywa kwa kuta za mbao, baraza huzibwa ili kupata ofisi au stoo, dari hushushwa, na hewa haivuki tena.

Mfano wa kinyume ni Hospitali ya Butaro katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011. Ilijengwa na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health, kwa ramani ya MASS Design Group, na wasanifu wake walikuwa na kisa cha Tugela Ferry akilini. Haina korido za ndani: watu hupita na kusubiri kwenye baraza za nje. Wodi zina dari za juu, feni kubwa za mwendo wa polepole na taa za urujuanimno. Vitanda havikupangwa kwenye kuta za nje kama vya Nightingale, bali vimeegemezwa ukuta mfupi ulio katikati ya chumba, ili kila mgonjwa atazame dirisha na milima ya nje badala ya kutazamana uso kwa uso na mgonjwa wa upande wa pili. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya volkeno ya palepale, yaliyochongwa na mafundi wa eneo hilo.

Pasipo jengo jipya, hatua za kawaida ni za gharama ndogo: kuwatambua wenye kikohozi mapema mlangoni, kuwahudumia kwanza ili wasikae foleni na wengine, kuweka mabenchi ya kusubiria nje chini ya banda au mti, na kukusanya makohozi mahali pa wazi badala ya chooni au katika chumba kidogo. Ndani ya chumba cha daktari, viti hupangwa ili upepo upite kati ya mhudumu na mgonjwa au utoke kwa mhudumu kwenda kwa mgonjwa, naye mgonjwa ndiye anayekaa karibu na dirisha hewa inakotokea.